Mhariri, hili neno "kupwa" limekukosea nini?

Wakuu, salaam. Leo nimekuja na hasira na sina mpango wa kuzificha.

Niliandika makala kwa gazeti moja (silitaji, wenyewe watajijua) kuhusu akina mama wakulima wa mwani wa upande wa mashariki wa Unguja, kule Paje na Jambiani. Sentensi yangu ilikuwa nyepesi tu: "Maji yakiwa yamekupwa, akina mama hushuka na kamba zao." Yaani bahari ikiwa imeshuka na kuuacha ufuo wazi. Ilivyotoka gazetini: "Maji yakiwa yamekauka." Kichwa kidogo nilichokiita "Saa za kupwa" kikatoka "Saa za kupatwa". Kupatwa! Kama jua na mwezi! Msomaji aliyefungua ukurasa ule bila shaka alijiuliza bahari ya Jambiani imepatwa na nini.

Nikapiga simu. Nikajibiwa kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto: "Ndugu yangu, kupwa ni neno la lahaja, wasomaji wetu wa bara hawalijui. Halafu hata hilo 'yamekupwa' lenyewe ni kosa, ungeandika 'yamepwa'." Kwa hiyo neno halifai kwa sababu ni la lahaja, na papo hapo nimelinyambua vibaya. Uamuzi gani huu?

Tuanze na hilo la lahaja. Mtoto wa shule aliye mamia ya kilomita kutoka baharini anafundishwa kujaa na kupwa katika somo la jiografia. Gazeti lile lile huandika "Mkoa wa Pwani" kila wiki bila kuomba radhi kwa mtu wa bara, na pwani ni nini kama si pale maji yanapojaa na kupwa? Kitenzi ni mzazi, jina ni mtoto. Umempokea mtoto sebuleni, mzazi umemfungia nje na kumwita mgeni.

Sarufi sasa, na hapa ndipo nilipochemka kwa hasira. Shina ni -pwa, silabi moja, familia moja na -la, -nywa, -fa, -cha. Mhariri, wewe unaandika "amela" au "amekula"? Asubuhi unasema "kumecha" au "kumekucha"? Basi na maji yanakupwa, yamekupwa, yatakupwa. Hiyo ku- inaanguka kwenye hupwa, yakipwa, hayapwi, hayajapwa, kama inavyoanguka kwenye hula, akila, hali, hajala. Sikatai kwamba "yamepwa" husikika midomoni mwa watu, husikika sana. Lakini kuchukua umbo lililo sawa na kulipigia mstari mwekundu, hapana.

Lakini lililoniuma zaidi ni "yamekauka". Kitu kilichokauka kimekwisha. Dimbwi hukauka, kisima hukauka, nguo hukauka. Maji yaliyokupwa hayajaisha hata tone. Yameondoka, na yana saa ya kurudi. Kutoka kujaa hadi kupwa ni kama saa 6 na robo, kisha yanageuka. Kwa siku yanajaa mara 2 na kupwa mara 2, na kila siku saa zake zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi, kwa sababu yanafuata mwezi, si saa ya ukutani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu tunapata bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kwetu Unguja tofauti kati ya juu na chini inafika mita 4 hivi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari haipandi sana wala haishuki sana. (Na tafadhali, maji mafu si maji yenye sumu. Nimeshaisoma hiyo pia.)

Sasa mtazame mama wa mwani siku za bamvua. Maji yanakupwa mnamo saa nne asubuhi. Anashuka, anainama kwenye kamba zilizofungwa baina ya vijiti, anafunga vipande vya mbegu kimoja kimoja kwa taitai (vile vikamba vyembamba vya plastiki), na muda wote sikio lake liko nyuma. Maji yanaanza kuja kwenye kifundo cha mguu, baadaye kwenye ugoko; yakifika gotini kamba haionekani tena, kazi ya siku hiyo imekwisha, amalize asimalize. Maisha yake yote yamepangwa juu ya kitenzi hicho. Kumwandikia kwamba maji "yamekauka" ni kumwondolea saa yake mkononi. Yakikauka kweli, haraka ya nini? Angefunga mwani mpaka magharibi.

Haya, lipo kundi la pili, nalo lisidhani limesalimika. Hawa ni wale waliolijua neno juzi na sasa wanalimwaga kila mahali. Bwawa likipungua kwa ukame, "limekupwa". Bajeti ikikatwa, "imekupwa". Nilisoma kwamba "ushabiki wa timu fulani umekupwa", timu ambayo tangu iundwe haijawahi kuwa na mashabiki wa kujaza basi. Imekupwa kutoka wapi?

Kupwa si jina jingine la kupungua. Kinachokupwa ni kile kilichokuwa kimejaa. Najua atatokea mjuaji hapa aseme: mbona uvimbe nao hupwa, na uvimbe haurudi? Sawa kabisa, mguu ukivimba kisha ukashuka tunasema uvimbe umekupwa. Lakini angalia: uvimbe ulijaa kwanza, ukapita kiasi, ndipo ukashuka. Hakuna anayesema mguu wa mtu aliyekonda umekupwa. Huyo amekonda tu. Ndiyo maana "Maji yakijaa hupwa" huambiwa mwenye cheo anayetembea kifua mbele, au tajiri aliyeacha kuitikia salamu. Hujasikia ikiambiwa maskini. Maskini apwe nini?

Kwa hiyo ukiandika kwamba umaarufu wa msanii umekupwa, mimi nakubali, tena kwa furaha, mradi alikuwa amejaa kweli. Lakini ujue pia umenipa nafasi ya kungoja arudi, maana neno lina mlango huo wazi. Kama unataka kusema amekwisha, sema amekwisha.

Na utajiri haujaishia hapo. Chombo kikiachwa na maji juu ya mchanga kimepwelewa: kimelala ubavu, nanga iko nje inaonekana kama kitu kilichosahauliwa, nahodha kakaa kivulini na abiria wananung'unika. Pale Mkanda, ile njia nyembamba ya vyombo kule Lamu, zamani manahodha walijua saa ya kupita na saa ya kungoja, wasipwelewe. Mtu naye hupwelewa, akabaki hajui la kufanya. Sauti nayo hupwea ukipiga kelele sana. Hayo yote yametoka kwenye shina la herufi tatu ambalo wewe umelifuta kwa kitufe kimoja ukaweka "kauka".

Msiniambie ni ushairi tu. Tarehe 26 Desemba 2004, baada ya tetemeko la chini ya bahari karibu na Sumatra, mawimbi ya tsunami yalifika Somalia, Kenya na Tanzania. Bahari ilirudi nyuma na kuja tena nje ya saa zake. Anayejua kupwa ni nini huona hapo hapo kwamba hili si kupwa: kupwa ni taratibu, kuna saa zake, leo tunazijua za kesho. Bahari ikijivuta ghafla saa isiyo yake, unamshika mtoto mkono unapanda juu. Anayeona kila maji yanayoondoka ni "kupungua" au "kukauka" anaweza kushuka kuokota kombe.

Ninachotaka ni kidogo. Ukiona neno hulijui kwenye makala ya mtu, fungua kamusi kabla ya kushika kalamu. Ukihofia msomaji, ongeza maneno matano ya kulieleza, nafasi ipo; kila siku mnatueleza maneno ya uchumi ambayo hata waziri hayajui. Na programu ya kusahihisha herufi ikikuletea "kupatwa", soma sentensi nzima, uone kama ina akili.

Watu wa Pemba, Tanga, Kilwa, Mombasa na Lamu, leteni matumizi ya kwenu, hasa hilo la kupwelewa, najua kila mji una lake. Na wewe mhariri, kama unapita humu: makala ya pili nakutumia wiki ijayo, na kichwa chake ni "Siku za bamvua". Usiniandikie "siku za mafuriko".