BUSTANI YA NDOO – PASUA

Jumamosi

06:42 Mama Glory: Habari za asubuhi majirani. Bilinganya zinakufa! Majani yana madoadoa ya njano, maua yanadondoka, na ile ya karibu na tangi imelala kabisa. Kila mtu akague za kwake alete majibu hapa.

07:30 Mama Glory: Naona tiki za bluu tu.

08:15 Baba Ima: Kwa jua hili la Pasua hata mimi nadondosha maua 😂

08:17 Mama Glory: Baba Ima utani baadaye. Joto likivuka nyuzi 35 maua hudondoka kweli, ila madoadoa siyo joto. Geuzeni majani mwangalie chini.

09:02 Dada Upendo: Nimegeuza. Kuna vidude vidogo sana vinatembea, na utando wa buibui.

09:04 Mama Glory: Utitiri huo, unapenda joto na vumbi. Asubuhi pigeni maji kwa nguvu chini ya majani. Jioni maji ya sabuni ya kipande, siyo ya unga. Mrudie baada ya siku 4 au 5 maana mayai yanaanguliwa.

09:20 Mwalimu: Yangu inanyauka saa saba mchana, jioni inasimama.

09:22 Mama Glory: Ni jua tu Mwalimu. Hizo ndoo nyeusi zinachemsha mizizi. Zivalishe viroba, tandaza majani makavu ya mgomba juu ya udongo. Ingiza kidole kabla ya kumwagilia, ukikuta unyevu acha. Matundu chini yapo?

10:05 Mama Junior: Matundu? Si mlikataza kutoboa, eti ndoo za kikundi? Na zile zilizopotea baada ya msiba wa Mzee mpaka leo hamjasema ziko wapi.

10:06 Baba Ima: Haya, kimenuka 🍿

10:09 Mama Glory: Mama Junior hilo tulilimaliza kwenye kikao.

10:09 Mama Junior: Mlilimaliza nyie.

11:31 Baba Ima: Tuzipike na nazi kabla hazijatutoka.

13:40 Bibi Manka: Udongo wa hiyo iliyolala mlichota wapi

13:41 Mama Glory: Shikamoo Bibi. Nyuma kwa marehemu, palipokuwa na nyanya.

13:52 Bibi Manka: Marahaba. Nyanya zile zilinyauka udongo ukiwa umeloa. Nilisema pale pasichotwe. Kateni shina chini mlitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Likishusha uzi mweupe kama maziwa, ng'oeni. Wala msije kutupa kwenye migomba yangu.

14:35 Mama Glory: Nimekata Bibi. Uzi umeshuka.

14:36 Dada Upendo: Jamani. Udongo wangu nao ulitoka hapo hapo.

14:38 Mwalimu: Na wangu nusu.

14:44 Mama Glory: Ni mnyauko wa bakteria, hauna dawa. Mche uliolala tunautoa na udongo wake wote, unaingia kwenye kiroba, siyo kwenye mboji. Ndoo ioshwe kwa jiki, kisu pia. Udongo wa pale msipandie tena nyanya, ngogwe, hoho wala viazi mviringo. Kesho baada ya ibada tukalete udongo mwingine. Baba Ima gari lako?

15:20 Baba Ima: Mafuta anaweka nani?

15:21 Mama Junior: Kwanza ndoo.

15:22 Mama Glory: Mama Junior nakupigia.

17:55 Mama Doreen: Samahani nilikuwa Kiboriloni sokoni. Mimi nitakuja ila saa kumi.

18:03 Dada Upendo: Yangu bado imesimama. Niing'oe?

18:04 Mama Glory: Usiing'oe. Itenge peke yake, na kopo lake la maji lisiguse nyingine. Baba Ima, sijapata jibu la gari.