Twalipa ada ya kompyuta kila muhula, leo maksi za watoto hazipo na matapeli wana namba zetu

Assalaam aleikum, na wengine hamjambo. Mimi si mtu wa kufungua nyuzi, husoma nikapita. Lakini hili limenikaa kooni tangu Jumatatu, na grupu la wazazi wamelifunga, wasimamizi pekee ndio wanaoandika.

Jumatatu saa nne kasorobo niko kazini (niko kampuni ya kuklia mizigo, bandarini), simu yaita. Kijana, sauti ya upole, shikamoo mbele. Akanitajia binti yangu majina yote matatu, gredi yake, mpaka mkondo. Kisha akanitajia salio langu la karo: 14,350. Hiyo hamsini ya mwisho ndiyo iliyonimaliza, maana salio lile nilidhani nalijua mimi na karani wa skuli tu. Akasema paybill imekwama, nitume kwa namba ya bursa, mhasibu wa skuli, kabla ya saa sita, la sivyo mtoto atatolewa kwenye orodha ya mtihani. Nilishaingiza namba. Kilichoniokoa ni jina lililotokea kwenye M-Pesa, si la mtu yeyote ninayemjua pale. Jirani yangu wa Tudor hakulitazama. Alituma 9,000.

Nikaomba ruhusa, nikapanda tuktuk moja kwa moja mpaka skuli. Jina silitaji. Ni ya binafsi, iko kisiwani, basi.

Karani akanijibu bila kuinua kichwa: "Ni mtandao, mama." Mtandao! Tangu 2009 nyaya za intaneti za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa, SEACOM, TEAMS na zilizofuata, mpaka Uganda wanapata intaneti iliyopita kwetu kwanza, na bado kila uzembe wa mji huu tunauita mtandao.

Sasa niwaambie niliyoyaona kwa macho yangu. Kompyuta ya karani imeelekea dirisha la kulipia. Pembeni ya skrini pana karatasi iliyobandikwa kwa selotepu, selotepu yenyewe ishageuka manjano, na juu yake jina la skuli likifuatwa na 2019. Hiyo ndiyo paswadi. Ya mfumo wa karo hiyo, ya barua pepe hiyo, ya waifai hiyo hiyo. Nimeisoma mimi nikingoja risiti, na ameisoma kila mzazi aliyepanga foleni pale miaka yote hii. Fundi aliyeiweka aliondoka mwaka juzi akidai mshahara wa miezi mitatu, naye anayo. Binti yangu nilipomuuliza jioni alinitajia kabla sijamaliza swali. Mwizi simjui na simsingizii mtu. Nasema tu kwamba hakuhitaji kuvunja chochote.

Kwetu ofisini tuko watu kumi na mmoja na choo twashirikiana na wauza simu, si kampuni ya kutisha. Lakini mtu akiacha kazi, akaunti yake inafungwa hajamaliza hata kuaga. Na kila mtu ana paswadi yake, kwa hiyo likiharibika jambo twajua ni meza ya nani.

Nikiwa bado nabishana, mwalimu mmoja akanivuta kando. Kumbe la karo ni dogo. Kompyuta iliyokuwa na maksi za miradi ya gredi ya 7 na 8 iliingiwa na virusi wiki mbili nyuma. Faili zote zimefungwa, majina yamegeuzwa, na kwenye skrini pana ujumbe wa kudai malipo ya bitcoin, ile sarafu ya mtandaoni, ndipo zifunguliwe. Nikauliza, nakala je? Akasema ipo, kwenye diski ya nje. Diski iko wapi? Imechomekwa kwenye kompyuta ile ile, usiku na mchana, tangu siku iliyonunuliwa. Nayo imefungwa pamoja na wenzake.

Jamani! Hata mimi karani wa mizigo najua kanuni ya nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Walihitaji diski ya pili tu, na mtu wa kuichomoa Ijumaa kuipeleka nyumbani. Na mashine yenyewe ni ya Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea marekebisho ya usalama ya bure tarehe 14 Januari 2020, korona haijafika Kenya. Zile za maabara wanazotupigia picha siku ya wazazi ni Windows 10, nayo muda wake ulikwisha 14 Oktoba 2025.

Kwa msio na mtoto wa rika hili, maksi hizi si za kupamba ripoti. Tathmini ya skulini ya gredi ya 7 na 8 inabeba asilimia 20 ya alama anazoendea nazo mtoto sekondari ya juu. Binti yangu alipanda mchicha wa mradi kwenye madebe ya rangi kwa wiki saba, nyumba nzima ikanuka mbolea, mpaka babake akawa analala sebuleni. Sasa walimu wameambiwa "wakadirie". Wakadirie! Mchicha tumeshaula, atakadiria nini?

Ada ya kompyuta ni 2,500 kwa muhula na watoto pale wanapita mia nne. Hiyo ni milioni moja, mara tatu kwa mwaka. Kununua wanajua, pana utepe na mgeni rasmi. Kutunza hakuna picha. Mwalimu alinifungulia kabati la chuma la tableti: betri zimefura kama mahamri, vioo vimeinuka, kwa sababu zilifungiwa humo zikiwa kwenye chaja likizo nzima, na kabati halina hata tundu la hewa. Mlinzi anasema zinangoja mkokoteni, zitaishia jaa la Mwakirunge. Betri ya lithiamu iliyofura ukiitoboa inaweza kulipuka moto. Na hakuna aliyefuta yaliyomo, majina na picha za watoto wetu zinakwenda jaani zikiwa hai.

Mitambo mingine iko stoo, chini ya tangi la maji, dirisha limepigwa mbao. Hewa yetu ya chumvi imeshafanya kazi yake, matundu ya nyaya yana kutu ya kijani. UPS, lile betri la kushikilia kompyuta stima ikipotea, inalia pii, pii, na wameizoea. Betri zile za asidi hudumu miaka 3 mpaka 5 kwenye joto la nyuzi 25, na joto likizidi kwa nyuzi 10 umri wake hukatika nusu. Kibandiko cha hii kinasema 2018. Mle ndani nilitoka jasho nikiwa nimesimama tu.

Nikamuuliza mwalimu mkuu kama wameripoti kwa Kamishna wa Data. Akanitazama kama nimemuuliza bei ya ngamia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa saa 72 tangu ajue data imeingiliwa, na sisi wenye data tunatakiwa kuarifiwa kwa maandishi. Tulichopata ni ujumbe mmoja: "Wazazi wapendwa, jihadharini na matapeli." Kisha grupu likafungwa. Mwaka 2023 skuli moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kubandika picha za watoto bila idhini ya wazazi. Picha tu.

Wazazi wenzangu mliopigiwa simu hiyo, andikeni hapa siku na saa, namba msiweke hadharani. Nataka tupeleke malalamiko pamoja, maana mzazi mmoja wanamwita mkorofi. Na anayejua mtu wa kufungua faili hizo bila kulipa mwizi, aniambie. Kompyuta nimewasihi wasiifute.

NYONGEZA, Alhamisi: Karani amenipigia asubuhi kunikumbusha ile 14,350. Nimemwambia sawa, lakini kwanza anithibitishie kwamba ni yeye. Akakata.