Ramani ya Afrika ukutani: Tanzania niipake rangi ya kanda gani?

MwalimuTemeke:
Wakuu, habarini. Nafundisha Jiografia sekondari huku Temeke. Tumepewa ukuta tuchore ramani ya Afrika, na kidato cha pili wameshamaliza mipaka kwa chaki. Tumekwama kwenye rangi. Kanda ni tano: Kaskazini, Magharibi, Kati, Mashariki na Kusini. Shida ni nani akae wapi.

Kwa mgawanyo wa Umoja wa Mataifa, Msumbiji, Malawi, Zambia na Zimbabwe ni Afrika Mashariki, na Kusini zinabaki nchi tano tu: Afrika Kusini, Botswana, Namibia, Lesotho na Eswatini. Umoja wa Afrika unazipeleka hizo nne Kusini pamoja na Angola, Burundi unaiweka Kati, na Sudan unaileta Mashariki. Mauritania kwa Umoja wa Mataifa ni Magharibi, kwa Umoja wa Afrika ni Kaskazini.

Mwanafunzi mmoja kaniuliza: "Mwalimu, sisi tuko SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) na tuko Jumuiya ya Afrika Mashariki, sasa ukutani tunakaa wapi?" Swali lake ni la haki na nataka nimpe jibu linalosimama. Naombeni mawazo.

Mzee_wa_Ilala:
Fuata Umoja wa Afrika. Ndio mgawanyo wetu wenyewe, na ndio unaotumika kugawa viti vya Baraza la Amani na Usalama kule Addis Ababa.

WakalaKurasini:
Mwalimu, mimi ni wakala wa forodha, nashughulika na mizigo ya transiti. Niseme ninavyoziona kanda kutoka bandarini.

Chukua kontena la Lubumbashi, kule Kongo (DRC). Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Lakini lori likitoka hapa linapita Morogoro, Iringa, Mbeya, linavuka Tunduma, linaikata Zambia mpaka Kasumbalesa, ndipo linaingia Kongo. Unamfikia mwanajumuiya mwenzako kwa kupita kwenye nchi isiyo mwanajumuiya! Shaba nayo inarudi kwa njia hiyo hiyo. Ukiniuliza kanda yangu ni ipi, nitakwambia ni Dar na wote wanaoitegemea bandari hii: Zambia, Kongo, Malawi, Rwanda, Burundi. Hakuna rangi moja kati ya zako tano inayowakusanya hao.

Na hili halikuanza jana. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi, Zambia, ili Zambia isitegemee njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa walowezi wa Rhodesia na makaburu. Kamati ya Ukombozi ya OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilikuwa na makao yake hapa hapa Dar. Nchi iliyobeba mzigo ule, kuiita ya Mashariki tu ni kuwanyima watoto nusu ya historia yao. Tanzania ipake mistari ya rangi mbili, Mashariki na Kusini. Nasema hivi kwa moyo wote.

BintiMtwara:
Naunga mkono mistari, ila na Msumbiji ipate. Sisi Wamakonde tuko pande zote mbili za Ruvuma, na tangu 2010 kuna Daraja la Umoja. Ukimpaka jirani yangu rangi nyingine kabisa, mtoto ataamini ng'ambo ni dunia ya watu wengine.

MwalimuTemeke:
Asanteni sana. Wakala, umenifungua macho, maana nilikuwa natafuta mstari wa kutenganisha.

Nimeamua hivi. Rangi za msingi zitakuwa za Umoja wa Afrika, na pembeni tutaandika wazi kwamba huo ni mgawanyo wa nani. Tanzania na Msumbiji zitapata mistari. Juu yake tutachora mabonde ya mito kwa buluu, kwa sababu maji hayajali kanda: ya Ziwa Victoria yanakwenda Nile, ya Tanganyika yanatokea mto Lukuga kuingia mto Kongo, ya Nyasa yanashuka na mto Shire hadi Zambezi. Mito mitatu mikubwa ya Afrika, yote inapokea maji ya kwetu.

Bado Burundi inanisumbua. Iko kwenye Jumuiya yetu tangu 2007, mizigo yake inapita Dar, na bado niipake rangi moja na Gabon? Wakala, wewe ungeipaka nini?

WakalaKurasini:
Mistari, Mwalimu. Na Kongo pia.