USHAURI: Naandaa mashua ya mbao kwa safari ya Dar hadi Kilwa, nianzie wapi?

Mtoto wa Mtoni
Wakuu salaam. Nina mashua ya mbao futi 30, tanga moja na mashine Yamaha HP 40 ile ya kuchanganya oili. Ipo mchangani Kunduchi, haijagusa maji tangu mzee aache kuvua. Sasa mzee kwao ni Kilwa Kisiwani na hamu yake kubwa ni kurudi kule kwa bahari, kama walivyokuwa wanasafiri zamani, so mimi na wadogo zangu tumeamua tumpeleke, tupite Mafia, tushuke Kilwa, tukae kama wiki mbili afu turudi. Nimepanga mwezi wa saba maana hakuna mvua. Bongoyo na Mbudya naenda sana ila safari ndefu sijawahi. Nilikua nataka kuanza na GPS na sola, je niko sawa? Hela sio nyingi na mzee umri umeenda, sitaki kubahatisha kabisa.

Nahodha wa Zamani
Mwanangu hongera kwa kumfikiria mzee. Ila mwezi wa saba achana nao. Hiyo ni kusi imekolea, yaani upepo wa kutoka kusini, nawe unaenda kusini upepo uko omo, mbele ya mashua, na mkondo wa bahari huku kwetu unapanda kaskazini mwaka mzima, kusi ikivuma ndo unazidi nguvu. Utabisha siku nzima, yaani kwenda kwa kukatakata upepo huku na huku, jioni ukiangalia nchi kavu unaona minazi ile ile ya asubuhi. Mzee analoa, mashua inapigwa mpaka misumari inalegea. Wazee walishuka na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, wakapanda na kusi, tena walikua hawana mashine ya kuwadanganya kwamba wanaweza kushindana na upepo.

Bamvua
Mkuu nenda mwezi wa kumi na moja bana, bahari inakua shwari unasukuma kwa mashine tu.

Nahodha wa Zamani
Bamvua kwenda ni sawa, tatizo ni kurudi. Akikaa wiki mbili Kilwa kaskazi inaanza, anarudi nayo usoni. Mimi ningesema aondoke mwishoni mwa mwezi wa pili, kaskazi bado ipo lakini imepungua makali, arudi mwezi wa tatu kwenye tanga mbili, kipindi pepo zinapobadilishana, na mkondo ukimsaidia. Asichelewe tu, masika isimkute huko. Na asisogeze mpaka mwezi wa tano, kimbunga Hidaya cha Mei 2024 ilipiga hapo hapo Mafia, hatujasahau.

Fundi wa Mbao
Kaka GPS weka pembeni kwanza. Mashua iliyokaa juu muda mrefu mbao zinakauka zinasinyaa, ukiishusha inaingiza maji kila mahali. Chukua bisibisi, lala chini ya mashua, anza mbao za karibu na mkuku, ule mti mkuu wa chini kabisa, chomachoma taratibu. Mbao nzima inakataa, mbovu bisibisi inazama na inatoka na unga unga wenye unyevu. Hapo usizibe na rangi, kata toa weka mbao mpya. Angalia na vichwa vya misumari, ukiona michirizi ya kutu inashuka kwenye rangi ujue msumari umeliwa kwa ndani. Afu ndo kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, ya zamani itolewe yote, na mwambie fundi asipige kwa hasira maana pamba ikipitiliza ndani ni kazi bure. Chini ipakwe rangi ya kuzuia magamba na wadudu wanaotoboa mbao, au deheni, yale mafuta ya kupaka mashua, kama wazee.

La muhimu ambalo watu wanaruka: ukimaliza ishushe majini uiache IVIMBE, siku kadhaa, mtu anakagua ngama, maji yanayokusanyika chini ndani ya mashua, asubuhi na jioni. Maji yakipungua kila siku uko vizuri. Yakibaki yale yale pandisha tena mchangani utafute panapoingia. Usije ukaishusha leo kesho unaondoka na mzee ndani, nakuomba.

Dada wa Kilindoni
Habari kaka. Naongezea upande wa mashine maana kaka zangu ndo kazi yao. Nunua impela mpya, ile pangaboi ndogo ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine, kabla ya safari na nyingine ya akiba. Ya zamani ukiitoa utaona majani yake yamejikunja hayarudi, hiyo haisukumi maji. Maji ya upande wa delta ya Rufiji ni ya tope, yanakula impela, kwa hiyo kila mara uangalie kile kimchirizi cha maji kinachotoka pembeni ya mashine, kikidhoofika zima, usisubiri. Beba plagi za akiba, kamba ya kuwashia, filta ya mafuta. Petroli ya madumu ya vijijini chuja kabla ya kumimina, maji yakiingia humo mtakesha mnavuta kamba.

Mafuta gawa mafungu matatu, moja kwenda, moja kurudi, moja haliguswi. Dar mpaka Kilwa haipungui maili 130 za baharini, kwa noti 5, yaani maili 5 za baharini kwa saa, hiyo ni zaidi ya saa 26, usifanye kwa mkupuo. Lala kisiwa cha Kwale, siku ya pili uje Kilindoni, halafu Songo Songo, halafu Kilwa Masoko. Hapo kati ya Mafia na delta tembea mchana tu, mafungu ya mchanga ni mengi, chini huoni, na usiku nyavu zimetandazwa kila upande. Ukitaka kuingia Chole ujue ni ndani ya Hifadhi ya Bahari, kuna ada.

Bamvua
Nanga je? Watu wanaenda na kamba fupi. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mpevu, maji yanapanda zaidi ya mita 3, ukitia nanga maji yametoka kwenye kina cha mita 4 usiku ni 7, kamba ya mita 20 inang'oka. Pima kwa maji kujaa, zidisha mara tano au zaidi, na mnyororo kidogo kwenye nanga. Maboya ya kuvaa kila mtu na lake, redio ya VHF ikae chaneli 16 ya dharura, utabiri wa TMA, mamlaka ya hali ya hewa, kila asubuhi, na ukaguzi wa TASAC, shirika la uwakala wa meli, ufanye mapema.

Mtoto wa Mtoni
Ndugu zangu shukrani sana. Safari nimeisogeza mwisho wa mwezi wa pili, na hela ya sola inaenda kwenye mbao na kalafati. Jioni hii nimechoma bisibisi, mbao mbili karibu na mkuku zimezama, fundi anakuja Jumamosi. Swali la mwisho, tanga ni la maradufu, kile kitambaa kizito cha pamba, lina madoa meusi, bado linafaa?

Nahodha wa Zamani
Ukungu huo, limekunjwa bichi. Litandaze, shika penye doa kwa mikono miwili uvute kwa nguvu. Likichanika shona jipya, lisipochanika osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika, na usilikunje likiwa na unyevu. Angalia na henza, kamba ya kupandishia tanga, ikiwa imetoka manyoya badilisha yote. Mzee msalimie.