Yule daktari mnayemjua wote leo kanicheka mbele ya wanafunzi wake. Mpaka sasa natetemeka!

Mwana wa Ruvu (mwanzisha uzi):

Wakuu, nimetoka kwake muda huu. Simtaji, mamodi wasije wakanifungia bure, ila yeyote wa mji huu aliyewahi kutibiwa sonona anamjua: miwani puani, kalamu nne mfukoni, na hakutazami usoni hata ukiwa unawaka moto mbele yake.

Nimemwambia kwa adabu zote. Shikamoo daktari, zile dawa za sonona nilimaliza mwaka jana, nikapunguza taratibu kama ulivyonielekeza. Sonona imeondoka, namshukuru Mungu. Lakini huku chini kumekufa ganzi. Hamu hakuna. Nikigusa sihisi kitu. Nikifika mwisho ni kama sijafika. Hali hii ilianza nilipoanza kumeza na mpaka leo haijaondoka.

Akaweka kalamu mezani. Akawageukia vijana waliojazana humo ndani, nadhani ni wanafunzi wa udaktari, akasema: "Mnaona? Dume zima, dawa kaacha tangu mwaka jana, bado anaisingizia dawa. Nenda kanywe supu ya pweza."

Wakacheka! Wakuu, walicheka! Kicheko kimetoka chumbani, kikapita korido, kikapita kwa wanaopimwa presha (na presha zao zikapanda), mlinzi wa getini akasimama, na muuza karanga ng'ambo ya barabara akauliza kuna harusi humo ndani? Supu ya pweza! Mtu amesoma kwa kodi zetu miaka yote hiyo, dawa anayoniandikia ni pweza!

Mwaka 2019 Shirika la Dawa la Ulaya lilitaka karatasi za maelezo za dawa za kundi hili, fluoksetini, sertralini, paroksetini na ndugu zao, ziseme wazi kwamba matatizo ya tendo la ndoa yanaweza kuendelea hata baada ya mtu kuacha dawa. Kanada nao wakaja na onyo lao 2021. Taarifa za wagonjwa wa namna hii zimo kwenye majarida ya kitabibu tangu 2006. Siyo habari za kijiweni hizi. Angeniambia siku ya kwanza, ningeamua mwenyewe. Pengine bado ningemeza, maana nilikuwa pabaya. Lakini ningejua!

Mke wangu ananiuliza nina nani nje. Namjibu nimechoka na kazi. Nitachoka na kazi mpaka lini?

Halafu huyu anageuka kuwaambia watoto "mnaona?" Wanaona nini? Mimi ni maonyesho ya Sabasaba?

Chuma cha Reli:

Pole sana mkuu. Ila hujatuambia, pweza ulikunywa au hukunywa?

Mwana wa Ruvu:

Mkuu, mtu anaungua wewe unauliza bei ya mkaa. Sikunywa na sinywi. Ganzi haitibiwi na mchuzi.

Kidume wa Mwanarumango:

Chai hii. Sema umri umekwenda kaka, acha kusingizia vidonge. Kuna mzee ana mizizi yake, njoo inboksi.

Mwana wa Ruvu:

Nina miaka 31, umri umekwenda wapi? Na mizizi yako baki nayo. Mnaongea kama yule yule tu, tofauti yenu ni koti jeupe.

Nipo Duka la Dawa:

Jamani, msimcheke. Hili lipo na lina jina, kwa kifupi wanaliita PSSD, yaani matatizo ya tendo la ndoa yanayobaki baada ya kuacha dawa hizi za sonona. Chanzo chake bado hakijulikani, kipimo cha damu cha kulionyesha hakuna, na dawa iliyothibitishwa kulitibu hakuna. Wengi hali zao hurudi wakiacha dawa, lakini wapo ambao hazirudi. Madaktari wanachanganyikiwa kwa sababu sonona yenyewe inaua hamu, kwa hiyo wanaona rahisi kusema ni ugonjwa umerudi. Ila ganzi ya sehemu za siri si kawaida ya sonona. Hapo ndipo daktari alitakiwa kushtuka, si kucheka.

Na wewe unayesoma huku unameza, tafadhali usiache ghafla kwa ajili ya uzi huu. Ukiacha ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi unaweza kukukimbia, na sonona inaweza kurudi kwa nguvu. Ongea na anayekutibu.

Mwana wa Ruvu:

Asante mkuu. Umeona? Si kucheka! Hilo tu ndilo nalosema. Yeye kacheka. Na yule binti aliyekaa dirishani alicheka mpaka akajifunika na daftari.

Binti Pangani:

Kaka, mimi yamenikuta hayo hayo, ni mwanamke. Nilimeza kwa ajili ya wasiwasi baada ya kujifungua. Nimeacha, wasiwasi umepungua, ila kileleni nimesahau kukoje. Nimekaa na mume wangu kama dada na kaka. Nilipomweleza daktari wangu akasema nimesoma sana intaneti. Nyie angalau mnaambiwa pweza. Mwanamke haambiwi hata pweza, anaambiwa "zoea, umeshazaa."

Mwana wa Ruvu:

Pole sana dada yangu. Huyo wako naye ana kalamu nne?

Mama Shani:

Wanaume wakiguswa huko dunia nzima isimame! Mimi sindano ya uzazi wa mpango ilinitoa damu mfululizo, nikarudi kliniki, nesi anatafuna ubuyu ananiambia "vumilia mama, mwili unazoea." Uzi gani ulifunguliwa kwa ajili yangu?

Chuma cha Reli:

Fungua wa kwako mama, tutakuja.

Mama Shani:

Nafungulia hapa hapa. Huyo nesi nanyi mnamjua. Kucha ndefu, simu haishuki sikioni.

Mzaramo Asili:

Aisee huyo wa kucha namjua! Alinipotezea faili. Nimekaa benchi tangu saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri inaadhiniwa, ananiambia "baba, faili halipo, kafungue jipya." Kufungua jipya ni hela tena.

Mwana wa Ruvu:

Wakuu turudi kwenye mada. Mtu kanicheka mbele ya wanafunzi.

Kidume wa Mwanarumango:

Mzaramo, faili ulilipia au walikupa bure? Mimi walinitoza mara mbili.

Mzaramo Asili:

Nililipia, na risiti hawakunipa. Nikadai risiti, nikaambiwa mashine haina karatasi.

Mama Shani:

Karatasi! Wakati wa sikukuu wanabandika mapambo ukuta mzima, karatasi wanatoa wapi?

Chuma cha Reli:

Mashine haina karatasi ndiyo wimbo wao. Kwetu huku hadi maabara wanaandika majibu kiganjani mwa mgonjwa.

Mzaramo Asili:

Kiganjani? Sisi majibu tunapewa kwa mdomo. Anapaza sauti korido nzima, "mwenye minyoo aje!"