Makefile inakubali kwangu, kwa mwenzangu inagoma. Nifanyeje?

NtindaKodi: Habari zenu wakuu. Mradi wa C, faili 12. Kwenye Ubuntu yangu `make` (zana inayojenga programu kwa kufuata maagizo ya faili Makefile) inapita, kwenye Windows ya mwenzangu hapa Kampala inagoma. Jumatatu tunakabidhi. Naombeni ushauri.

MbararaLinux: Aweke Ubuntu kwa WSL, yaani Linux ndani ya Windows. Ila mradi aunakili ndani ya `~`, folda yake ya nyumbani ya Linux. Akiuacha `/mnt/c`, yaani diski C ya Windows, utajengeka polepole mno.

DadaWaJinja: Hakuuliza namna ya kuhama mfumo. Ndugu, bandika kosa lenyewe.

NtindaKodi: Mara ya kwanza ilipita. Mara ya pili: `A subdirectory or file -p already exists`. Na kumezuka folda inaitwa `-p`. Ajabu, kwenye Windows ya ofisini inapita kila mara.

Gulu77: Hapo siamini. Windows mbili, Makefile moja, majibu mawili? Kisa hiki umekitunga.

DadaWaJinja: Hajatunga. GNU make ikiwa Windows hutafuta `sh.exe` (kiendesha amri cha Unix) kwenye PATH, orodha ya folda za programu. Ikiikosa hutumia `cmd.exe` ya Windows yenyewe. Makefile yako bila shaka ina `mkdir -p`, yaani unda folda kama haipo. `mkdir` ya cmd haijui `-p`, huidhani jina la folda. Ya ofisini, Git iliwekwa pamoja na zana za Unix kwenye PATH, sivyo?

NtindaKodi: Ndivyo, niliiweka mimi. Sikudhani inahusika. Lakini nimeshaandika Makefile.windows, mistari 40, nusu ya kazi imeisha.

DadaWaJinja: Iache, ssebo. Utarekebisha moja, utasahau nyingine. Tumia CMake, zana inayotengeneza faili za kujengea zinazofaa kila mfumo. Andika `CMakeLists.txt`: `cmake_minimum_required(VERSION 3.17)`, `project(hesabu C)`, kisha `add_executable` na faili zako. Wote mtaandika `cmake -S . -B build`, halafu `cmake --build build --parallel`. Folda inajiunda. Usiweke `-j$(nproc)`, macOS haiji na `nproc`, amri ya kuhesabu viini vya prosesa. Kunakili ni `cmake -E copy`, kufuta ni `cmake -E rm -rf`. Mwenzako ana Visual Studio?

NtindaKodi: Hana, ana MinGW tu, yaani GCC ya Windows.

DadaWaJinja: Basi amri ya kwanza aiongezee `-G "MinGW Makefiles"`, la sivyo CMake itatafuta `nmake`, make ya Microsoft, na kukwama.

Gulu77: Niwie radhi, NtindaKodi. Weka pia `*.sh text eol=lf` kwenye `.gitattributes`, faili ya mipangilio ya Git. Hati ya `.sh` ikitoka Windows na CRLF (alama za Windows za mwisho wa mstari), Linux itakataa kuiendesha, pengine kwa kosa `bad interpreter`, na `^M` mbele yake.

NtindaKodi: Imepita mara tatu mfululizo! Na ile folda `-p` naifutaje?

DadaWaJinja: Kwenye cmd, `rmdir -p`. Kwenye Linux, `rmdir ./-p`.