Wahudumu wenzangu hawataki dozi ya nyongeza ya UVIKO-19: nizungumze nao vipi?

MuuguziNyandaZaJuu (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kwa heshima.

Mimi ni muuguzi katika kituo cha afya huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, na miongoni mwa majukumu yangu ni kusimamia huduma za chanjo. Karibu watumishi wote wa kituo chetu walichanjwa mwaka 2021, baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kuzindua chanjo Ikulu, Dar es Salaam, tarehe 28 Julai, naye akachanjwa hadharani siku hiyohiyo. Wengi wetu tulipata Janssen (ya Johnson & Johnson), ile iliyoletwa kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, na tuliifurahia kwa sababu ilikuwa ya sindano moja tu. Sasa dozi za nyongeza zipo kwenye jokofu letu, lakini wenzangu hawazitaki. Hawagombani nami, bali kila mmoja ananiahidi kesho, na kesho hiyo haifiki. Mmoja wao, mtu makini sana kazini, alinieleza waziwazi: "Tulihakikishiwa kwamba sindano moja inatosha. Leo mnasema haitoshi. Mwakani mtasema nini?" Na tangu Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotangaza, tarehe 5 Mei 2023, kwamba dharura ya dunia imekwisha, wengi wanaona hata mazungumzo yenyewe yamepitwa na wakati.

Kinachonisumbua zaidi ni wagonjwa. Wazee wanaohudhuria kliniki ya kisukari na shinikizo la damu wananiuliza, kabla hawajakunja mkono wa shati, kama sisi wenyewe tumechanja hiyo ya pili, na mimi siwezi kumdanganya mgonjwa. Katika kikao cha asubuhi limetolewa pendekezo la kubandika ubaoni majina ya watumishi ambao hawajachanja. Nafsi yangu inalikataa pendekezo hilo, lakini sina njia nyingine ya kupendekeza badala yake. Naombeni ushauri wenu.

TabibuMstaafu

Mwanangu, pendekezo la ubao likatae kwa nguvu zako zote. Taarifa za afya za mtumishi ni siri yake kama zilivyo za mgonjwa, na mtu aliyeaibishwa mbele ya wenzake huchanja akiwa na kinyongo, kisha huwapa wagonjwa kinyongo hichohicho.

Huyo aliyekuuliza "mwakani mtasema nini" anastahili jibu kamili, kwa sababu swali lake ni la kitaalamu. Janssen ilijaribiwa kwa watu wapatao 44,000 katika nchi kadhaa, Afrika Kusini ikiwemo, kuanzia Septemba 2020 hadi mwanzoni mwa 2021. Dozi moja ilitoa kinga ya kutosha dhidi ya virusi vilivyokuwa vikizunguka wakati ule, na aliyesema inatosha alisema kweli kwa ushahidi aliokuwa nao. Omikroni, aina mpya ya virusi hivyo, ilitangazwa na wanasayansi wa kusini mwa Afrika Novemba 2021, na ikaonekana kwamba kinga dhidi ya maambukizi hushuka baada ya miezi michache, ingawa kinga dhidi ya ugonjwa mkali hudumu zaidi. Mweleze hivyo bila kupunguza neno.

Kisha mweleze kuhusu Sisonke. Huo ni mpango wa Afrika Kusini uliowachanja wahudumu wa afya karibu 500,000 kwa Janssen kuanzia Februari 2021, na mwishoni mwa mwaka huo zaidi ya 200,000 miongoni mwao wakapata dozi ya pili, wakati Omikroni ikipanda. Kinga yao dhidi ya kulazwa hospitalini, mwezi mmoja hadi miwili baada ya nyongeza, ilikadiriwa kuwa asilimia 85 katika matokeo ya awali, na takriban asilimia 72 katika yaliyochapishwa baadaye. Watu wale ni wauguzi, matabibu na wafanyakazi wa maabara kama ninyi, wa bara letu hili, waliopata chanjo ileile mliyopata ninyi. Kwa maoni yangu, hakuna ushahidi unaowahusu wenzako kwa karibu zaidi ya huo.

Na usisahau kwamba wao wenyewe hutoa dozi za kurudia kila siku. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito humhesabia mama dozi tano za pepopunda, ya pili wiki nne baada ya ya kwanza, ya tatu baada ya miezi sita, kisha mbili zinazobaki kwa kupishana mwaka mmoja mmoja, wala hamwambii mama kwamba dozi ya kwanza ilikuwa uongo.

MtuWaMaabara

Nami ni mtumishi wa afya na sijachukua dozi ya nyongeza, hivyo naomba nisomwe kwa subira. Mtaalamu anapokataa, watu hudhani amedanganywa na ujumbe wa WhatsApp. Mimi nilichanjwa Janssen na baadaye nikaugua, kipimo kikathibitisha. Ninajua kwamba maambukizi pamoja na chanjo huacha kinga imara. Ninajua pia kwamba chanjo hiyo ilihusishwa na kuganda kwa damu kwa watu wachache sana, na kwamba Marekani iliwekea mipaka matumizi yake Mei 2022. Nilipouliza habari hizo katika semina, nilijibiwa kwamba nisiogopeshe watu. Jibu lile lilinifunga zaidi kuliko hofu yoyote.

Tena tukumbuke tulikotoka. Januari 2021 viongozi wa nchi yetu walikuwa wakitutahadharisha dhidi ya chanjo hizi, na Julai tukahimizwa kuzikimbilia. Naunga mkono mabadiliko yale, lakini mtumishi aliyevuka miezi ile akiwa wodini hawezi kulaumiwa akitaka maelezo kabla ya kukunja mkono.

TabibuMstaafu

Ndugu yangu wa maabara, umesema vizuri, na aliyekujibu hivyo alikukosea. Tukio hilo la damu kuganda ni la kweli na ni adimu sana. Ndiyo sababu mtu anayelihofia huweza kupewa nyongeza ya aina nyingine, iwapo ipo. Kuhusu kinga uliyopata kwa kuugua, nayo ni ya kweli, ila inashuka kama ile ya chanjo. WHO ilipopitia upya mwongozo wake Machi 2023, haikupendekeza nyongeza za mara kwa mara kwa kila mtu mzima mwenye afya njema. Nyongeza zaidi baada ya ile ya kwanza ilizipendekeza kwa wazee, wenye magonjwa sugu, wajawazito na wahudumu wa afya walio mstari wa mbele. Wewe umo katika kundi hilo kwa sababu ya mahali unaposimama kila siku. WHO yenyewe ilikadiria kwamba wahudumu wa afya kati ya 80,000 na 180,000 walifariki kwa ugonjwa huu duniani kuanzia Januari 2020 hadi Mei 2021.

NesiWaPwani

Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu tulianza na AstraZeneca Machi 2021, na wahudumu wa afya ndio waliotangulia. Novemba mwaka huohuo Wizara ya Afya ilitangaza kwamba wasiochanja wangenyimwa huduma za serikali, na Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo Desemba. Nilichokiona katika wodi yangu ni kwamba tangazo lile liliwafanya waliokuwa wanasitasita waanze kujitetea, na mtu akishaanza kujitetea hasikii tena hoja. Nyongeza ilipoidhinishwa mwishoni mwa mwaka, miezi sita baada ya dozi ya pili, tulibadilisha njia. Tuliacha kuwaita watumishi ukumbini, tukawa tunawafuata mwanzoni mwa zamu ya usiku, na chanjo ikiwa tayari. Wengi hawakuwa na upinzani wowote; walikuwa wamechoka, na siku ya chanjo iliangukia siku yao ya kupumzika. Kwa hiyo, dada, anza kwa kutenganisha waliochoka na wenye maswali, kwa sababu tiba zao ni mbili tofauti.

BintiWaMgonjwa

Mimi si mtaalamu. Mama yangu ana kisukari na figo zake ni dhaifu, na kila mwezi nampeleka kliniki. Sihitaji kujua ni muuguzi gani amechanja. Nahitaji yule anayemhudumia avae barakoa anapokuwa na kikohozi, na mama akimuuliza kuhusu nyongeza apate jibu lenye sababu. Mwaka jana aliambiwa "ni hiari yako" na mazungumzo yakaishia hapo. Alirudi nyumbani bila kuchanja.

MuuguziNyandaZaJuu

Nawashukuru nyote. Nimemwomba mganga mfawidhi aondoe pendekezo la ubao, na amekubali tulijadili upya. Nitakutana na watumishi mmoja mmoja, nikianza na yule aliyeniuliza swali, na nitampelekea matokeo ya Sisonke pamoja na habari za kuganda kwa damu, asizisikie kwanza kwa mtu mwingine. Kwa walio zamu ya usiku, nitabaki kituoni jioni na kuwachanja kabla hawajaanza kazi. Ndugu wa maabara, je, ungekubali kuniandikia hapa maswali yote uliyouliza katika semina ile? Ningependa kuyajibu yote mbele ya wenzangu kabla sijamwomba mtu yeyote achanje.

MtuWaMaabara

Nitayaandika leo jioni. Na mwaka huu nitauliza kama aina nyingine ya chanjo inapatikana wilayani kwetu.